Mkono Uliopindua Chai

Zhuo Tingfu alirudisha kikombe mezani kabla hajameza vizuri, na waonjaji wenzake wa chai wakadhani amejiunguza. Haikuwa hivyo. Nyuma ya utamu wa asali na harufu ya nyasi kavu, ulimi wake ulikuwa umekuta ladha ya ganda la kiazi kitamu.

Katika eneo zima la Fuding, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuipa chai nyeupe ladha hiyo. Chai hii haikaangwi wala haisokotwi. Machipukizi huanikwa kwenye nyungo yakanyauka polepole, na anayejua kazi hayagusi. Lakini Meixiu, mkewe, kila ukungu ulipozidi aliyapandisha darini, juu ya jiko alilochemshia viazi, akayapindua moja moja. Mafuriko yalimchukua miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwili haukuonekana. Zhuo alizika jeneza lenye nguo za mkewe, na kila mwaka, ikifika sikukuu ya kusafisha makaburi, alimimina chai juu ya kaburi lisilo na mtu.

Kifurushi ilimotoka chai ile hakikuwa na jina la aliyeitengeneza. Kilikuwa na jina la kijiji tu, cha mwisho kabisa katika mlima Taimu. Kesho yake asubuhi Zhuo alipanda.

Katika nyumba aliyoelekezwa alimkuta msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyejitaja kuwa anaitwa Qiuhe. Hakuonekana kushangaa. Alimpa mgeni kiti, akateleka maji, na yalipochemka akayaacha yatulie kwanza. Kisha akayamimina taratibu pembeni mwa bakuli yasije yakayachoma machipukizi. Zhuo aliitazama rangi ikija, ya njano hafifu.

Alipokunywa, hakuwa na shaka tena. Aliuliza ni nani aliyeianika.

“Kuchuma nachuma mimi, mzee,” alisema Qiuhe. “Kuanika pia mimi. Lakini ukungu ukishuka nakuta nyungo zimeshapandishwa darini na majani yamepinduliwa. Watu wa hapa wanasema ni mwanamke aliyekufa maji. Mimi nimeshazoea.”

Juu yao ubao ulilia. Halafu ukalia mwingine, kama mtu anayetoka ungo huu kwenda ungo ule.

Zhuo aliinuka kuelekea ngazi. Qiuhe akasimama mbele yake, akamweleza kwa upole kwamba majani yakiwa yamelala hakuna mgeni anayepanda, na kwamba aliye huko juu husikia vizuri sana. Kama alikuwa na neno, angeweza kulisema hapo hapo alipo.

Nje, ukungu ulikuwa umeumeza ua wote. Mzee aliinua uso akaitazama dari.

“Meixiu. Niliwaambia watu kwamba maji yalikupokonya mkononi mwangu. Hata mama yako nilimwambia hivyo hivyo, akafa akiniombea dua. Hayakukupokonya. Mkono mmoja nilikushika wewe, na mwingine nilishika gunia la chai ya mashindano. Daraja tulilokuwa tukivuka lilipoanza kuondoka nikajua siviwezi vyote viwili. Nikakuachia wewe.”

Mbao hazikulia tena.

“Chai ile ilishinda,” alisema. “Sijawahi kuionja.”

Alirudi akaketi, akamaliza kikombe chake hadi tone la mwisho, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kisha akaiinamia ile ngazi mara tatu, kama watu wanavyoinama kaburini. Alimwomba msichana ruhusa ya kurudi siku nyingine. Qiuhe akamjibu kwamba hilo si lake kuamua, na mzee akaitikia kwa kichwa, kwani hata yeye aliona ni haki. Alitoka manyunyu yakianza, bila kugeuka nyuma.

Qiuhe alingoja mpaka hatua zake zilipopotea kwenye mawe ya njiani, ndipo akapanda ngazi.

“Basi ulifanya vizuri kukipeleka kile kifurushi,” alisema.

Mwanamke mwenye mvi, aliyepiga magoti katikati ya nyungo, alipindua jani moja, akalinusa, akalilaza tena mahali pake.

“Chukua mwavuli umkimbilie,” alisema hatimaye. “Kifua cha baba yako hakiwezi mvua.”