Viatu Vilivyoelekea Ndani

Nilifika mlangoni mbio, bado nafunga vifungo vya sare ya unesi, nikakuta viatu vyangu vya kazi vimeelekea ndani, vina tope, kamba zimekazwa.

Vilikuwa vilevile nilivyovivua jana, siku yangu ya kwanza kurudi wodini baada ya kumzika mama.

Miaka sita nilivikuta vimeelekea nje, vimepanguswa, kamba zimelegezwa. Natumbukiza miguu, naondoka. Mama akiniita, jibu langu lilikuwa hilohilo: “Nimechelewa, mama!” Sikuwahi kujiuliza, hata siku moja, vilikuwa vinajigeuza vipi.

Nikachuchumaa. Fundo likanigomea.

“Dada, utachelewa,” mdogo wangu akasema.

“Acha nichelewe.”

Nikavuta ndala za mama, zilizokuwa bado pale mlangoni, nikaanza kuzipangusa.