Mabomba na Nyuzi

Mhandisi Tatu Shebwana ndiye aliyepanga mtandao wote wa maji wa mji ule, na kila Ijumaa alipiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Asubuhi moja mkurugenzi alimsimamisha kikaoni, mbele ya wenzake, sanduku la fidla likiwa miguuni pake.

"Mhandisi, mshika mawili moja humponyoka. Chagua, mabomba au muziki."

Uso ulimwaka Tatu, lakini hakuinamisha kichwa. "Mzee, ni kazi moja. Bomba au uzi, ukigusa huku, kule kunaitika. Hilo nilifundishwa na fidla kabla ya chuo."

"Basi kesho usije na sanduku hilo."

Tatu alilifungua palepale, akaegemeza fidla begani na kuanza kupiga. Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao aliweka kalamu chini.