Asubuhi za Kuchagua Punda

"Umemwona?" Jilo alipaza sauti. "Umemwona alivyochomoka?"

Sadik alikuwa amemwona. Alitema mate pembeni, akageuza uso.

Punda aliyechomoka aliitwa Tufani. Alikuwa amewaacha wenzake mbali kwenye uwanja wa mchanga nje ya Garsen, ambako Jilo huwafanyisha punda wake mazoezi kila asubuhi kabla ya mashindano makubwa ya Kipini. Jilo ni mkulima wa Kulesa, lakini msimu huu ukifika shamba humtoka akilini. Hufunza punda na kuwauzia wanaotaka kushindana. Wanunuzi husimama kando ya uwanja, hutazama, huchagua, huondoka na punda wao.

Sadik alikuwa bado hajachagua. Kila asubuhi alikuja kabla ya jua kuwaka, mfugaji mrefu wa Kiorma, fimbo begani. Kila asubuhi alirudi kwake mikono mitupu, uso umekunjamana.

"Huyu kasoro yake nini tena?" Jilo aliuliza.

"Pikipiki imepiga honi kule barabarani, ameruka kama aliyeumwa na nyoka."

"Ndugu yangu, si ndiyo mbio yenyewe hiyo! Ana damu ya moto."

"Simtaki."

Akaletwa wa pili, Mshale. Huyu alianza vizuri. Alikwenda kwa mwendo mmoja, kichwa chini, na Sadik akamsogelea, akampapasa shingo, akainama kumtazama kwato. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo moyo ulimtulia kidogo. Kisha upepo ukarusha mfuko wa plastiki mbele yao. Mshale alitimka na mpanda wake hadi vichakani, na wanunuzi wote wakashangilia kasi yake.

Sadik alipiga fimbo yake chini. "Wote hivyo hivyo!" alifoka. "Wiki nzima nasimama hapa, wote hivyo hivyo!"

Watu walitazamana. Huyu alitaka nini, farasi?

Wa mwisho kupita alikuwa Shaba, punda jike mwenye masikio mapana, ambaye hufika wakati wenzake wameshaanza kunywa maji. Nassir, mpanda punda kutoka Kipini, alikuwa juu yake akimcharaza bakora.

"Mbona wampiga?" Sadik alimwuliza.

"Nimfanyeje, bwana? Huyu kazaliwa kachoka."

"Wacha bakora. Unamharibu punda."

Nassir alicheka, lakini bakora aliishusha. Sadik alikuwa mtu wa mifugo tangu utotoni, na akisema neno kuhusu mnyama watu humsikiliza, hata akiwa na hasira.

Nyumbani, mkewe Ruwaida alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Hakuinuka kumpokea.

"Umepata?"

"Bado."

"Siku zimekwisha, baba Kadra."

"Najua."

"Na mvua ndiyo hiyo. Tangu jana hakuna bodaboda iliyovuka tope kufika huku kwetu."

Sadik aliketi, akavuta bakuli la maziwa, akalirudisha bila kunywa. "Wote wana kasoro, Ruwaida. Nikimpenda mmoja leo, kesho ananigeuka."

Ruwaida alilifunika bakuli. "Yule wa mwaka jana..."

"Usimtaje."

"Alikuwa na mbio kuliko punda wote wa Garsen. Ulijisifu naye mpaka Tarasaa."

Sadik alisimama akatoka nje. Alilizunguka boma la ng'ombe mara kadhaa kabla ya kuingia tena.

Asubuhi ya mwisho Jilo alikuwa amechoka naye. Kesho yake punda wote wangepelekwa Kipini, na wanunuzi wengine walikuwa wameshaondoka na waliowachagua. "Chagua au niache," alisema. "Tufani bado yupo. Mchukue, ushinde, uniombee dua."

Sadik aliokota debe tupu, akamwendea Shaba kwa nyuma, akalipiga kwa fimbo kwa nguvu zake zote. Ndege waliruka kutoka mitini. Tufani alikata kamba. Shaba aliendelea kutafuna nyasi.

"Huyu," Sadik alisema.

Jilo alidhani hakusikia vizuri. "Huyu nani?"

"Shaba."

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika hadi barabarani. Nassir alijishika mbavu. "Bwana Sadik, kule Kipini watu watalala wakaamka, wewe hujafika!"

"Utatuaibisha," Jilo alisema, na hakuwa anacheka. "Watu watasema punda wa Jilo ndio hawa."

"Nimechagua," Sadik alisema. Alimfunga Shaba kamba shingoni akaondoka naye polepole, bila kugeuka nyuma.

Siku ya mashindano Garsen ilibaki kama imehamwa. Kila aliyeweza alikuwa ameshuka Kipini, na huko, punda walipopangwa mstarini, Jilo alitafuta masikio mapana ya Shaba asiyaone. Akashukuru Mungu. Alidhani Sadik ameona haya.

Wakati huo Sadik alikuwa anamwongoza Shaba hatua kwa hatua kwenye tope jeusi, kuelekea hospitali, na nyuma yake, juu ya mkokoteni uliotandikwa magodoro, Ruwaida alikuwa ameuma leso kwa uchungu. Walipopita mahali ambapo mwaka jana punda wao alitimua mbio akapindua mkokoteni na mtoto wao akazaliwa pale pale bila kulia, wote wawili walitazama mbele. Wa safari hii alilia kabla jua halijawa kali.