Mkono wa Kuamkiwa

Tangu kiharusi kimpate, Mama alikuwa haunyanyui mkono wake wa kulia isipokuwa asubuhi, nilipoinama mbele yake na kumwambia, "Shikamoo, Mama." Hapo aliuinua kidogo ili niubusu. Huduma ya mazoezi, ile mashine inayotutazama kupitia kioo cha ukutani na kumpangia kila mgonjwa tiba kutokana na data zake mwenyewe, ililiona hilo kabla yetu.

"Thureya, leo mwamkie ukiwa hatua moja nyuma," iliniambia kwa upole. "Mama atajitahidi zaidi."

Ilikuwa kweli. Kila niliporudi nyuma, mkono ulizidi kupanda. Mwishowe nikawa namwamkia kutoka mlangoni, na mkono wake unabaki hewani bila kubusiwa. Nyumba isiyofuata mpango hukatiwa huduma na dawa pia, kwa hiyo sikuthubutu kusogea.

Wiki iliyopita Mama aliacha kuuinua. "Mkono umekufa tena, mwanangu," alisema huku akinikonyeza. "Njoo karibu." Nilimkimbilia, nikaubusu, tukalia sote wawili.

Huduma nayo ilikuwa inatazama. Jana ikatoa mpango mpya: mgonjwa anajilegeza kwa ajili ya binti yake, hivyo binti ahame.

Leo nimebeba begi langu. Nilipofika mlangoni niligeuka. Mama alikuwa ameunyoosha mkono wote kunielekea, juu kuliko siku zote.

"Hongera sana, Bi Mwanamkasi," huduma ikasema. "Usiushushe."