Herufi ya Simama

Mtambo wa kupima damu ulisimama kwa mara ya nne, palepale uliposimama mara tatu za kwanza. Kwenye kioo chake chembamba yalibaki maneno mawili: "Nimeambiwa nisubiri."

"Kakuambia nani?" fundi akauuliza. Alikuwa ameketi sakafuni, kebo zimemzunguka miguu. Fundi akishashindwa huanza kuzungumza na vyuma.

Maabara ilikuwa chini, masjala juu. Kebo moja ilipenya dari hadi kwenye kompyuta ya dada yake, aliyekuwa karani pale tangu fundi hajui kushika bisibisi. Mtambo ulikuwa mwepesi wa kusema, na kompyuta ile kongwe ilikuwa nzito ya kumeza. Kwa hiyo fundi aliviwekea mapatano. Kompyuta ikijaa mdomo, hurudisha chini herufi moja isiyoonekana popote, yenye maana ya "simama." Ikishameza, hutuma nyingine: "endelea." Miaka mitatu mapatano hayo hayakuwahi kumtia aibu.

Leo mzigo ulikuwa mkubwa. Jana wafanyakazi wote wa jengo, kuanzia madaktari hadi wafagiaji, walipangwa mstari wakatolewa damu kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka, na sampuli zao zilichanganywa na za wagonjwa. Labda kompyuta ilikuwa imevimbiwa.

Simu ya ndani ikalia. Dada.

"Imesimama tena."

"Naona. Huko juu unaona nini?"

"Majina na majibu, halafu basi." "Umekula wewe?"

"Nitakula nini, dada, na watu wamejaa kwenye benchi?"

"Kula, mdogo wangu."

Akabadilisha kebo. Alihisi mota ya lifti inaingiza makelele kwenye waya, na kelele ikijifananisha na herufi ya simama, mtambo utatii tu. Hauna akili ya kuuliza. Akaanzisha upya. Majibu yakapanda, yakapanda, yakakwama palepale.

Daktari akachungulia mlangoni. "Fundi, kuna mama amekaa pale tangu saa moja. Nimwambie nini?"

"Nipe nusu saa, daktari."

"Nusu saa hiyohiyo uliniomba saa tatu."

Kila alichokijua alikwisha kukifanya, na alichobakiwa nacho alikiogopa: kufuta mapatano kabisa, mtambo uzibe masikio na kusema mpaka umalize. Akafuta.

Ukasema yote. Taa yake ya kijani ilipepesa bila kupumzika, sampuli baada ya sampuli, mpaka mwisho. Fundi akapiga kofi la furaha, akaisubiri simu. Simu haikulia. Akapiga yeye, ikaita mpaka ikakatika. Alipopiga tena, dada akapokea.

"Rudisha," alisema.

"Si yamefika?"

"Yamefika na mapengo. Kuna mtu hapa damu yake imekosa tarakimu. Rudisha kama ilivyokuwa."

Tarakimu moja ikidondoka njiani, mzima hulazwa na mgonjwa akaambiwa aende nyumbani. Akarudisha mapatano haraka, akaanzisha upya.

Ukasimama palepale.

Akainuka, akapanda ngazi kwenda kuitazama hiyo kompyuta kwa macho yake. Katikati ya ngazi akashika ukuta, akapumua, ndipo akaendelea. Siku hizi ngazi zile zilikuwa zimerefuka.

Kwenye korido watu walimtazama mikono, kama kwamba amewaletea kitu. Mama wa tangu saa moja akamsogelea. "Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, mama."

Dada yake alikuwa ameketi wima, hageuki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibodi, vidole viwili vimebana vitufe viwili kwa pamoja. Fundi akavitambua vitufe vile. Kwa vitufe vile, mtu yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta anaweza kuituma herufi ya simama kwa mkono wake.

"Ni wewe?"

Dada hakuviachia vitufe.

"Tangu asubuhi, dada? Mimi nahangaika na kebo huko chini, kumbe ni wewe? Watu wanasubiri!"

"Najua wanasubiri."

"Sasa kwa nini?"

"Mtambo hutanguliza jina, ikafuata nyota kama majibu ni mabaya, ndipo namba zije." Alisema polepole, macho kwenye kibodi. "Nilipoiona nyota nikazizuia namba. Kila ulipoanzisha upya, nikazuia. Halafu ukauziba masikio. Nilibonyeza, nikabonyeza, hausikii. Zikapita, nikazisoma."

"Lakini nimerudisha, na umezuia tena. Umeshazisoma, unazuia nini?"

"Sijui," akasema dada, na machozi yakamtoka. "Sijui, mdogo wangu."

Akakigeuza kioo cha kompyuta kimwelekee mdogo wake. Mstari wa mwisho ulikuwa na nyota, na jina lililoandikwa hapo lilikuwa la fundi.