Mjumbe Havuki Mfereji

Rais huchaguliwa na wajumbe tu, mmoja kwa kila nyumba kumi, na mjumbe havuki mfereji wa mtaa mpaka apige kura waliyoamua wengi. Safari hii ni mimi. Kila mchana nyumba tisa huniletea sahani, nami naonja zote, nisije nikaambiwa nimenunuliwa.

Juzi binti yangu Atupele alijifungua, katika zahanati iliyo ng'ambo ya mfereji tu. Niliomba dakika kumi nivuke nikamwone, majirani wakakataa.

Leo tumejadili swali jipya lililoongezwa kwenye kura: utaratibu huu wa wajumbe ubaki au ufutwe? Nyumba zote tisa zikanyoosha mikono: ubaki.

“Jamani, kwa nini?”

Jirani yangu Mama Chausiku akanisogezea wali. “Kula, mama. Kwani tunakunyima nini?”

Nikala, huku namsikia mjukuu akilia ng'ambo. Kesho kidole kitakachobonyeza “ubaki” ni changu.