Ukuta wa Waliotangulia Kufa

Kwa miezi mitatu Zamda alicheza peke yake kwenye kompyuta ya pembeni katika chumba cha gemu cha mtaani, akichuma dawa katika msitu wa gemu na kuwakwepa wachezaji wengine. Leo Chande, fundi viatu na kiongozi wa kikosi, alimwita.

"Dada, tuko wanne. Zimwi la pangoni linataka watu watano. Njoo ututibu."

"Nitawaponza, kaka."

"Kufa tumezoea. Kaa hapa."

Zamda aliketi, akijiambia kwamba akiharibu hatarudi tena. Zimwi lilipounguruma alishtuka, akakimbilia kwenye popo waliolala, akawaamsha wote. Alikufa yeye kwanza, kisha wenzake wanne.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Zamda akainuka, akashika njia ya mlangoni.

"We, unakwenda wapi na hujaandika?" Rukia, msusi, alimzuia na kumpa kipande cha chaki.

Ukutani yalikuwapo majina ya waliotangulia kufa katika kila pambano la gemu, kila kifo na kijistari chake. Jina la Chande lilikuwa juu kabisa, na vijistari vyake vilizunguka swichi ya taa vikafika dirishani.

"Vyote hivi vyako, kaka?"

"Hivyo ni vya mwaka huu tu," Rukia akadakia. "Vya mwaka jana tulivifunika kwa rangi."

Zamda akacheka, akaandika jina lake kwa herufi ndogo na kuchora kijistari kimoja. Alipogeuka, wote walikuwa wamekaa wakimsubiri. Akaketi. Kidole chake kikaacha doa jeupe kwenye kipanya, na mlango wa pango ukaanza kufunguka.